Mbwa wa Dagg na Ngome Iliyoanguka Cheviot

Katika safu ya vilima inayotenganisha England na Uskoti hakuna kilele kirefu kuliko Cheviot, nacho kina mita 815 tu. Mtu wa Lushoto akisimuliwa kwamba mahali hapo paliangusha ndege za kivita za injini nne atacheka, maana yeye hulala juu zaidi ya hapo kila usiku. Tena kilele chenyewe hakina ncha. Ni uwanda mpana wa mboji, udongo mweusi wa nyasi na kuvumwani zilizooza majini kwa maelfu ya miaka, unaobonyea kama mkate wa kumimina. Mguu ukizama, unaweza kutoka bila kiatu. Njia ya watembea kwa miguu iitwayo Pennine Way, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1965, hupita huko, na ilibidi kutandika mawe bapa juu ya mboji ili wapandaji wasitote. Mvua, ukungu na theluji ndio wenyeji wa pale, jua ni mgeni.

Mlima wa aina hiyo haumtishi aliye chini. Anayepaswa kuuogopa ni aliye juu, ndani ya wingu, anayedhani chini yake kuna mashamba.

Miaka ya vita rubani alikuwa na vitu vichache vya kumweleza yuko wapi. Msoma ramani wake alipiga hesabu ya mwendo, saa na mwelekeo, kisha akakisia upepo. Upepo wa kilomita 80 kwa saa ambao hakuujua uliweza kumsogeza kilomita 80 nje ya njia kwa saa moja tu, naye asihisi lolote, kwa kuwa ndani ya wingu hakuna mti wala mto wa kumsuta. Altimita nayo ilikuwa na hila yake. Chombo hicho hakipimi umbali kutoka ardhini, hupima uzito wa hewa, kisha hutafsiri uzito huo kuwa mita. Hewa ikipungua kwa milibari 1 huku chombo hakijarekebishwa, kinamwongezea rubani mita 8 hivi ambazo hana. Dhoruba ikishusha milibari 20, rubani anayesoma kwamba yuko salama mita 160 juu ya kilele huwa anakwenda kukivaa kifuani. Ongeza barafu inayoganda kwenye mbawa, redio iliyojaa makelele, na ile tamaa ya kila rubani aliyepotea ya kushuka kidogo tu, aone nchi, ajue yuko wapi. Wengi walishuka. Walichokiona mwisho ni manyasi.

Ndiyo maana vilima vya Uingereza, kuanzia Wales hadi kaskazini kabisa ya Uskoti, vimejaa mabaki ya ndege ambazo hazikuguswa na risasi hata moja. Katika jeshi la ndege za mabomu la Uingereza walikufa wanahewa 55,573, na zaidi ya 8,000 kati yao walikufa katika mafunzo na ajali, mbali na adui. Hesabu hiyo haina ndani yake watu wa Jeshi la Anga la Marekani. Familia zao zilipokea habari ileile iliyopelekwa kwa familia za waliouawa juu ya Berlin, lakini ndani ya simulizi za vita waliwekwa nyuma. Kufa kwa kugonga kilima cha nyumbani hakukuonekana kama ushujaa.

Jumamosi ya tarehe 16 Desemba 1944 inajulikana zaidi kwa jambo jingine. Alfajiri ya siku hiyo majeshi ya Hitler yaliibuka katika misitu ya Ardennes, Ubelgiji, yakaanzisha shambulio lao kubwa la mwisho upande wa magharibi. Makamanda wake walikuwa wamengoja hali ya hewa iharibike ili ndege za Washirika zikwame chini, na siku hiyo wakapata walichokitaka. Ubaya huohuo wa hewa ulitanda juu ya Uingereza pia.

Hata hivyo ndege ziliruka. Kutoka uwanja wa Molesworth, huko England, kundi la 303 la Jeshi la Anga la Marekani lilipangiwa kwenda kupiga mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Miongoni mwa ndege hizo ilikuwamo B-17G yenye namba 44-6504, watu tisa ndani, rubani akiwa Luteni George Kyle. B-17 ndiyo ile Wamarekani waliyoiita Ngome Irukayo, kwa sababu ilizungukwa na bunduki za rasharasha pande zote. Ya aina ya G ilibeba kumi na tatu. Zilitengenezwa 12,731 kwa jumla. Ilikuwa ndege ngumu, iliyozoea kurudi nyumbani na matundu mwilini na injini moja imezimika. Lakini hizo bunduki zote ni za kumpiga adui anayeruka.

Safari ya Ulm ikavunjika kwa sababu ya hali ya hewa, ndege zikageuka na mabomu yao. Ya Kyle ikapotea njia ndani ya mawingu. Kutoka Molesworth hadi Cheviot ni zaidi ya kilomita 350 kuelekea kaskazini, karibu sawa na safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga. Kwa kiasi hicho ndivyo watu tisa, wenye ramani na vyombo, walivyokosea nyumbani kwao. Majira ya saa saba mchana, katikati ya dhoruba ya theluji, wakaugonga uwanda wa juu wa Cheviot upande wa magharibi, karibu na majabali yaitwayo Braydon Crag.

Wawili walikufa: Fred Holcombe, msoma ramani, na Sajini Frank Turner. Saba wakatoka hai. Nikiitazama ramani ya mlima ule naona sababu moja kubwa: kama wangekuwa chini kidogo wangekutana na ukuta wa mawe, lakini walifika juu, mahali ambapo mboji na theluji vilipokea tumbo la ndege kama godoro bovu. Udongo ule unaochukiwa na kila mpandaji ndio uliowaachia roho. Moto ulikuwa umeshaanza, na mabomu yalikuwa bado ndani. Rubani na wenzake wawili, wakiamini kwamba wengine wote wamekwisha, wakajikokota kushuka mlima upande wao. Wanne waliobaki hawakujua hata upande wa kushukia. Wakaingia ndani ya ufa wa mboji, moja ya ile mitaro ambayo maji huichimba katika udongo ule, wakajikunyata humo kukwepa upepo. Walikuwa na majeraha, theluji inawafunika, na mchana wa Desemba katika nchi hizo haudumu hata kwa muda wa saa nane.

Chini ya mlima upande wa kaskazini kuna Bonde la College, bonde jembamba lenye kijito, mazizi ya mawe na nyumba chache za wachungaji zilizoachana mbali. Wachungaji wawili, John Dagg na Frank Moscrop, waliisikia ndege ikipita chini mno ndani ya dhoruba. Hiyo ni sauti ambayo watu wa bonde lile walikwisha kuijua tafsiri yake. Januari 1942 Wellington ya Waingereza iliyokuwa ikirudi kutoka kushambulia Hamburg iligonga mlima huohuo. Machi 1943 ikawa zamu ya Dornier ya Wajerumani, katika vilima vya jirani. Kwa wanahewa Cheviot ilikuwa alama kwenye karatasi, lakini kwa Dagg na Moscrop ilikuwa juu ya paa lao, na kila kilichoanguka huko kiliangukia mikononi mwao.

Nasema mikononi mwao kwa maana halisi. Leo mtu akipotea mlimani Uingereza huitwa kikosi cha uokoaji chenye redio na helikopta. Jeshi la Anga la Uingereza lilianza kuwa na vikosi rasmi vya uokoaji wa milimani mwaka 1943, baada ya daktari mmoja wa jeshi, George Graham, aliyekuwa kituo cha Llandwrog huko Wales, kuchoka kuona majeruhi wakifa kwa baridi kabla ya kufikiwa. Alianza na watu wa kujitolea kituoni pake. Lakini hata vikosi hivyo vilipokuwapo, huduma ya kwanza katika maeneo mengi ilibaki kuwa yuleyule mchungaji na fimbo yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu, na yeye ndiye aliyejua jiwe gani linafuata jiwe gani ukungu ukishuka.

Dagg alipanda na mbwa wake, Sheila, wa ile jamii ya Border Collie inayochunga kondoo mpakani hapo. Magazeti ya baadaye yalimfanya Sheila mbwa wa miujiza, na nadhani yalimpunja. Alichokifanya siku ile ni kazi aliyokuwa akiifanya kila msimu wa baridi. Theluji ikirundikana, kondoo hukimbilia kwenye mitaro na kando za kuta kujificha upepo, kisha theluji huwafukia hapohapo wakiwa hai. Mchungaji hawezi kuwaona. Mbwa mzuri hupita juu ya theluji akinusa, akisimama, akitega sikio, mpaka aonyeshe mahali pa kuchimba. Wale Wamarekani wanne walikuwa wamefanya kile ambacho kondoo hufanya: walitafuta mtaro, wakajikunyata, theluji ikawafunika. Sheila akawakuta kama ambavyo angemkuta kondoo. Tofauti ni kwamba safari hii alibweka mpaka wachungaji, waliokuwa hawaoni mita chache mbele yao, wakaifuata sauti yake.

Kushuka ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Majeruhi mmoja alikuwa na kidonda kichwani, wengine miguu ilikwisha kufa ganzi, na buti za kurukia hazikushonwa kwa ajili ya kutembea mlimani. Mbwa akatangulia. Wakafika bondeni kwenye nyumba, wakawekwa karibu na moto, na hawakukaa sana kabla mlima haujanguruma: mabomu yaliyobaki ndani ya ndege yalilipuka. Mshindo ule, kutoka kilomita kadhaa, ulivunja madirisha ya nyumba za bondeni. Wale wanne wangekuwa bado mtaroni, au wachungaji wangesita kidogo wakingoja dhoruba itulie, basi kusingekuwa na habari ya kusimulia.

Dagg na Moscrop walitunukiwa nishani ya BEM. Sheila, tarehe 2 Julai 1945, akapewa Medali ya Dickin.

Medali hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni kipande cha duara cha shaba, chenye maneno mawili ya Kiingereza yanayomaanisha “kwa ushujaa”, na chini yake maneno yanayosema “nasi pia twatumikia”. Utepe wake una mistari ya rangi tatu, kijani, kahawia na buluu iliyopauka, kwa ajili ya maji, ardhi na anga. Aliyeianzisha mwaka 1943 ni Maria Dickin, mama ambaye tangu mwaka 1917 alikuwa akiendesha zahanati za kutibu bure wanyama wa maskini wa London Mashariki, kazi iliyozaa shirika la PDSA. Watatu wa kwanza kuipata, Desemba 1943, wote walikuwa njiwa. Na hapa kuna uhusiano na ndege za mabomu ambao wengi hawaujui: ndege hizo zilibeba njiwa. Februari 1942 ndege ya Beaufort ilianguka katika Bahari ya Kaskazini, redio ikiwa haifanyi kazi. Njiwa wake, Winkie, akajikwamua na mafuta mabawani akaruka kilomita zaidi ya 190 hadi kwa mwenyewe huko Uskoti, bila ujumbe wowote mguuni. Kutokana na saa aliyowasili na hali yake, wataalamu walikokotoa mahali ndege ilipoangukia, na watu wakaokolewa. Hadi mwaka 1949 medali zilikuwa 54: njiwa 32, mbwa 18, farasi 3 na paka 1. Sheila hakuwa mbwa wa jeshi. Alikuwa mbwa wa kazi, wa mtu wa kazi.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Kati ya ndege zote zilizoanguka Cheviot wakati wa vita, hii ya Kyle ndiyo inayojulikana kuliko zote. Si kwa wingi wa waliokufa, maana walikuwa wawili, na ziko nyingine zilizoua zaidi. Wala si kwa uzito wa safari yenyewe, ambayo ilivunjika kabla ya kufika Ulm. Inajulikana kwa sababu walibaki watu wa kusimulia: saba walioshuka hai, wachungaji wawili, na mbwa mwenye jina. Ajali iliyoua wote haina msemaji. Hupewa mstari mmoja katika daftari la kikosi, telegramu moja kwa kila mama, na jina moja juu ya jiwe katika makaburi ya mbali. Wakati mwingine haipati hata mtu wa kuiona.

Mfano wake uko mbali zaidi kaskazini, katika mlima Ben More Assynt. Tarehe 13 Aprili 1941 ndege ya Anson, ambayo jeshi liliitumia kwa doria na kufundishia wasoma ramani, iliondoka kituo cha Kinloss na watu sita. Rubani alikuwa James Steyn, Mwafrika Kusini, aliyekwisha kupata nishani ya DFC. Ilikuwa safari ya mazoezi tu. Barafu na injini vikawashinda, wakapotelea milimani, na mchungaji mmoja akawakuta tarehe 25 Mei, wiki sita baadaye. Kushusha miili kutoka mahali pa mbali vile kulionekana hakuwezekani, ikazikwa papo hapo ndege ilipoangukia, chini ya rundo la mawe. Hakuna kaburi jingine la vita nchini Uingereza lililo juu mlimani hivyo. Mwaka 2013 rundo lile lilikuwa limeshaanza kuporomoka, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikapeleka jiwe la matale la kilo 600 likining'inia chini ya helikopta ya Chinook, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kulifikisha. Majina sita yamechongwa juu yake, mahali ambapo unaweza kupita mwezi mzima bila mtu kuyasoma.

Ni tume hiyohiyo inayotunza makaburi ya Taveta na Voi. Mwaka 2021 ilitoa ripoti ikakiri kwamba makumi ya maelfu ya wapagazi na askari wa Afrika Mashariki waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakupewa hata mstari wa jina. Nalitaja hili kupima tu: kilo 600 za matale kwa watu sita mlimani ni jambo jema, na linaonyesha vizuri kinachowezekana tume ikitaka.

Kuna namna nyingine ya ukumbusho, ya kuliacha eneo lenyewe lizungumze. Bleaklow, katika vilima vya Derbyshire, imetapakaa vipande vya RB-29 iliyoanguka tarehe 3 Novemba 1948 na kuua wote 13. Vita vilikuwa vimekwisha. Ndege hiyo ilikuwa ya kupiga picha, na mwaka 1946 ilipiga picha za majaribio ya bomu la atomiki kule Bikini. Injini zake bado zimelala kwenye mboji, mbavu za bati zimegeuka rangi ya majivu, na watu hupanda kuweka misalaba midogo na maua mekundu ya karatasi kati ya vyuma. Jiwe la kumbukumbu limesimama hapohapo katikati. Panamshika mtu moyo, lakini pana kasoro yake: chuma huliwa na wakati, na huliwa pia na watalii. Sheria ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi inakataza kuchimba au kuchukua chochote kwenye ndege ya kijeshi iliyoanguka nchini humo bila kibali, lakini mlimani hakuna mlinzi, na skrubu moja huingia mfukoni bila kelele.

Watu wa Cheviot wakachagua njia tofauti. Juu kwenye uwanda bado kuna masalia ya ndege, mengi yakiwa yamemezwa na mboji. Ukumbusho haukuwekwa huko. Mwezi Mei 1995, miaka 50 tangu vita vimalizike Ulaya, Duke wa Gloucester alikuja Bonde la College kuzindua jiwe lililosimikwa kando ya Cuddystone Hall, ukumbi mdogo wa kijiji. Pale ndipo watu wa bonde hukusanyika kwa ngoma na harusi. Bonde lenyewe haliingiwi ovyo, magari machache huruhusiwa kwa siku kwa kibali, kwa hiyo wengi wanaolifikia jiwe hilo hufika kwa miguu, wakiwa njiani kupanda mlima au wametoka kuuteremka.

Jambo ninaloliona la busara ni kwamba jiwe hilo halikuwa la ndege ya Kyle peke yake. Liliwekwa kwa ajili ya wanahewa waliokufa katika vilima vya Cheviot wakati wa vita, wakiwamo wale ambao hawakuwa na mbwa wa kuwanusa wala mchungaji wa kuwasikia. Umaarufu wa B-17 na Sheila ulileta watu bondeni, na walipofika wakakuta ukumbusho wa wengine pia. Hii ndiyo kazi ambayo simulizi maarufu inaweza kuifanya ikitumiwa vizuri: kuwashika mkono wenzake wasio na sauti na kuwapitisha mlango mmoja. Nimesoma simulizi nyingi za ajali za vita ambazo hufanya kinyume, shujaa mmoja akisimama mbele ya taa na kuwatia kivuli wote walio nyuma yake.

Tena jiwe liko chini, mahali pa ukumbi wa harusi. Mlimani kumbukumbu hutegemea nguvu za magoti ya anayepanda. Bondeni mtoto hulikuta akikimbiza mpira, akauliza ni la nani, na mtu mzima akalazimika kujibu.

Amerika nako kulifika ukumbusho, na haukuwa wa jiwe. Frank Turner, mmoja wa wale wawili waliokufa, alikuwa wa Columbia, South Carolina. Mama yake alimwandikia John Dagg barua. Hakuulizia vipande vya ndege wala picha ya mlima. Aliomba mtoto wa Sheila. Ukiitafakari barua hiyo unaona uchungu wa aina ambayo haina jina: mbwa yule hakumwokoa mwanawe, kwani Sheila alipofika mlimani Frank alikuwa amekwisha kufa. Aliwaokoa wana wa wanawake wengine. Mama akataka kitu kilichotoka mahali pale, chenye damu na pumzi, kilichozaliwa na kiumbe aliyekuwa karibu na mwanawe siku ile kuliko yeye mwenyewe.

Dagg akangoja Sheila azae. Mtoto mmoja akachaguliwa, akaitwa Tibbie, akavushwa Atlantiki mpaka Columbia, mji wa joto usio na kondoo wa kufukiwa na theluji, akaingia nyumbani kwa mama Turner.